Kipimo Kisichoandikwa kwenye Pakiti

Pakiti ya mbegu za karoti katika duka la pembejeo humweleza mnunuzi mengi: aina, namba ya loti, asilimia ya uotaji, asilimia ya usafi. Kama mbegu zimebeba kuvu, kwa kawaida haisemi. Hicho ni kipimo kingine, nacho kina mlipaji wake.

Shirika la kimataifa la upimaji wa mbegu, ISTA, lililoundwa mwaka 1924, ndilo linaloweka utaratibu. Kwa karoti huhesabiwa mbegu 400, zikapangwa kumi kumi kwenye visahani vyenye karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa. Hukaa gizani siku tatu katika nyuzi 20, kisha hugandishwa ili zife. Mbegu iliyokufa haitoi mzizi wa kumsumbua mpimaji, na kuvu hula bila kipingamizi. Baada ya hapo ni karibu wiki nzima chini ya taa za urujuanimno, saa 12 mwanga, saa 12 giza.

Visahani 40 na karatasi si gharama ya kutisha. Fedha huenda kwa mtu wa darubini, anayekagua mbegu moja moja. Alternaria dauci, inayobabua majani ya karoti, ina spora ndefu zenye mkia mwembamba kama uzi. Ndugu yake Alternaria radicina, anayeozesha mzizi, ana spora fupi, nene, zisizo na mkia. Jicho changa huzichanganya.

Kabichi ni ghali zaidi: kuvu wa Phoma hutafutwa katika mbegu 1,000, kwa kuwa mche mmoja mgonjwa kitaluni, ukinyeshewa, huambukiza majirani zake.

Taasisi za ukaguzi wa mbegu, TOSCI ya Morogoro, Tanzania, na KEPHIS ya Kenya, zina ithibati ya ISTA. Ila ithibati hutolewa kwa kila aina ya kipimo peke yake. Maabara inaweza kuwa nayo kwa uotaji, isiwe nayo kwa kuvu. Muda nao una bei: kwa kampuni inayosubiri msimu, siku kumi hivi za loti kukaa ghalani ni mtaji uliolala.

Wengi huridhika na rangi nyekundu au kijani juu ya mbegu. Rangi hiyo huashiria kuwa zimepakwa dawa, si kwamba zimepimwa. Tena dawa yenyewe inaweza kumficha kuvu maabara isimwone.

Anayenunua mbegu za ekari nzima na aiulize kampuni: loti hii ilipimwa kuvu gani, wapi, na matokeo yalikuwaje? Namba ya loti anayo mkononi.