Santuri Iliyotolewa Upya: Uliza Chanzo Kwanza

Jazi ngumu ya miaka ya 1970 inarudi kwenye santuri, na bei zake si za mchezo. Mnunuzi wa Diani au Ukunda anayeagiza moja kutoka nje huangalia uzito kwanza: gramu 140 au 180? Uzito huifanya santuri iwe imara isipindike haraka. Ubora wa sauti huamuliwa mapema zaidi, kwenye chanzo ilikonakiliwa na kwenye mkono wa fundi aliyeichonga.

Chukua mfano wa Mwandishi, albamu ya mpiga piano Herbie Hancock iliyorekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970. Wapigaji wake walibeba majina ya Kiswahili waliyopewa na mwanamuziki James Mtume: Hancock mwenyewe Mwandishi, mpiga dramu Billy Hart Jabali, na Eddie Henderson, mpiga tarumbeta aliyekuwa pia daktari, Mganga. Kipande cha kwanza, “Ostinato”, kilichotungwa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, huenda kwa mapigo 15 kila duru, besi ikirudia mzunguko wake bila kuchoka. Upande wa pili wote ni kipande kimoja cha zaidi ya dakika 21.

Muziki kama huo humpa fundi kazi. Besi nzito huuyumbisha mfereji wa santuri kulia na kushoto, na mfereji unaoyumba unataka nafasi. Dakika zikizidi, mifereji husongamana, na fundi hana budi kupunguza sauti. Tena, kwa mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, sindano ikiwa ukingoni hupitiwa na sentimita 51 hivi za mfereji kila sekunde. Ikikaribia kitovu, 21 tu. Ndiyo maana mwisho wa upande tarumbeta huweza kukwaruza. Baadhi ya kampuni hugawa albamu moja kwenye santuri mbili za mizunguko 45, na nafasi hiyo husikika.

Chanzo bora ni tepu halisi ya studio. Faili ya kidijitali iliyonakiliwa kwa uangalifu kutoka tepu hiyo nayo hutoa kazi safi. Ya kuogopa ni nakala ya nakala isiyotajwa asili yake. Soma jalada: kampuni makini hutaja chanzo na jina la aliyechonga. Kisha inamisha santuri kwenye mwanga utazame ile pete tupu inayozunguka lebo. Mara nyingi fundi huacha herufi zake hapo.

Santuri ikishafika Kwale, adui ni hali ya hewa. Gari lililofungwa likaachwa juani ufukweni hupata joto la kuipinda santuri. Masika huleta kuvu kwenye karatasi ya ndani, kisha kwenye mifereji. Badilisha karatasi hiyo kwa mfuko laini wa plastiki, zisimamishe santuri wima, na kabati lisigusane na ukuta unaopigwa na mvua.

Haya yote yanaihusu pwani yetu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special, na ndani yake imo bendi ya Mombasa Vikings, pamoja na “Sina Raha” ya Hafusa Abasi na Slim Ali wakiwa na Yahoos Band. Tepu nyingi za studio za Afrika Mashariki zimepotea, kwa hiyo mara nyingi santuri ndogo iliyosalia mikononi mwa watu ndiyo chanzo chenyewe.

Kwa hiyo, ukiwa na kasha la santuri za wazee huko Msambweni au Ukunda, usizipige kwa sindano iliyochakaa, kwani kila mpigo hula sauti isiyorudi. Usizisugue kwa kitambaa kikavu. Piga picha lebo za pande zote mbili, uandike namba zake na majina ya wapigaji, na uwaulize wenye umri wanaowakumbuka wapigaji hao. Bila chanzo hicho, hata fundi hodari wa London hana cha kuchonga.