Tusome Habari za Mashine, Kazi na Miti

Mwezi uliopita alinijia ofisini kijana mmoja, karani wa ghala, ambaye kila jioni huhudhuria masomo ya uwekaji hesabu. Baada ya kuniamkia aliniuliza swali lililonifanya niweke kalamu chini. "Mzee, nasikia hesabu zote zitafanywa na akili mnemba. Je, niendelee kulipa karo, au niache?" Sikuwa na jibu la haraka, wala sikutaka kumpa jibu la kumridhisha tu. Nikamwandikia majina ya vitabu vichache. Leo nayatoa hapa, kwa maana swali lile si lake peke yake.

Ndugu msomaji, siku hizi twasikia sauti mbili. Moja yasema mashine itatuondolea taabu zote. Ya pili yasema itatunyang'anya tonge kinywani. Mfanyakazi asiyesoma huyumba kati ya sauti hizo mbili, na mwisho huamuliwa mambo yake na yule mwenye mashine ya kuuza.

Tuanze na mashine yenyewe. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing aliandika makala katika jarida liitwalo Mind. Badala ya kubishana kama mashine yaweza kufikiri, aliuliza kama yaweza kujibu maswali kwa maandishi hata muulizaji ashindwe kuitofautisha na mtu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Programu ile haikuelewa lolote. Iliyachukua maneno ya mtu na kumrudishia kwa sura ya swali. Hata hivyo karani wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo kwa faragha. Jambo hilo lilimshtua sana Weizenbaum. Mwaka 1976 alitoa kitabu Computer Power and Human Reason, akisema kwamba zipo kazi ambazo haifai kuikabidhi mashine, hata kama yaweza kuzitenda. Anayetaka habari za karibuni zaidi na asome Artificial Intelligence: A Guide for Thinking Humans cha Melanie Mitchell, kilichotoka mwaka 2019. Mama huyo ni mtaalamu wa fani hiyo, naye aeleza bila kuficha jinsi mashine iwezavyo kufaulu mtihani pasipo kuelewa maana ya swali.

Sasa tuje kwenye kazi. Mwaka 2013 Carl Frey na Michael Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza aina 702 za kazi, wakasema kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zimo katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na mashine. Habari hiyo ilienea duniani kote. Lakini mwaka 2016 wachunguzi wengine, walioandikia shirika la OECD, walipima nchi 21 wakapata wastani wa asilimia 9 tu. Tofauti hiyo yatoka wapi? Wale wa kwanza walitazama kazi nzima kwa jina lake. Hawa wa pili walitazama shughuli mbalimbali zilizomo ndani ya kila kazi. Mashine aghalabu huchukua shughuli kabla ya kuchukua kazi yote. Mchumi David Autor, katika makala yake ya mwaka 2015, atoa mfano wa benki za Marekani. Mashine za kutolea fedha ziliongezeka kutoka kama 100,000 hadi 400,000 kati ya 1995 na 2010, na makarani wa benki hawakupungua. Kazi yao iligeuka, wakawa wa kuwahudumia na kuwashauri wateja. Hilo si ahadi kwamba kila karani atasalimika. Latufundisha tu kwamba yatupasa kuzipima kazi zetu sehemu kwa sehemu.

Kwa historia, kisomwe The Making of the English Working Class cha E. P. Thompson, kilichotoka mwaka 1963. Humo mna habari za mafundi wa Uingereza waliovunja mitambo ya kufumia kuanzia mwaka 1811, hata serikali ikaweka adhabu ya kifo mwaka 1812. Watu huwacheka kuwa ni wajinga waliochukia maendeleo. La hasha! Thompson aonyesha kwamba walipigania ujira wa haki na heshima ya ufundi wao. Neno hilo halijapitwa na wakati. Tarehe 1 Mei 2023, mjini Nairobi, wafanyakazi zaidi ya 150 ambao kazi yao ilikuwa kuchuja picha na maneno mabaya kwa ajili ya makampuni makubwa ya ng'ambo walipiga kura kuunda chama chao. Nyuma ya akili mnemba, basi, wamo binadamu wenye macho ya kuchoka na mioyo ya kuumia.

Hapo ndipo yatupasa kusoma juu ya miti. Msomaji ataniuliza, miti yahusiana nini na mashine? Yahusiana kwa mwili wa mfanyakazi, ambao mashine haiupumzishi, bali huukalisha kitini kutwa. Mwaka 1984 Roger Ulrich aliandika katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu karibu 20,000 wa Uingereza uliona kwamba waliokaa penye miti na majani dakika 120 au zaidi kwa juma walisema wana afya njema kuliko wasiofika huko kabisa. Ni kweli, mwenye afya naye ana nguvu zaidi za kutembea. Lakini dakika 120 hazina bei. Kisha kisomwe Unbowed cha Wangari Maathai, cha mwaka 2006, tujue jinsi alivyosimama mwaka 1989 kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, mahali ambapo watu wasio na bustani zao hupumzika.

Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza. Anayekijua na amsomee asiyekijua, saa ya chakula, chini ya mwembe ikiwezekana.

Juzi yule kijana alirudi. Alikuwa ameandika shughuli zake kumi katika daftari. Nne aliona mashine itazichukua, hasa za kunakili tarakimu. Sita zilihitaji mtu aingie ghalani, ahesabu magunia, na kumwuliza dereva kwa nini mawili yamepungua. Ameamua kuendelea na masomo, ila amemwomba mwalimu amfundishe ukaguzi zaidi kuliko kunakili. Kama amechagua sawa, wakati utatuonyesha. Lakini ameamua mwenyewe, baada ya kusoma na kupima.