Walter Rodney na Mtihani wa Sokoni

Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuuawa akiwa na umri wa miaka 38 tu, hukumbukwa zaidi kwa kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa cha mwaka 1972, ambacho hoja yake kuu, kwamba umaskini wa Afrika si hali ya asili bali ulitengenezwa na biashara ya utumwa na ukoloni, imezoeleka kiasi kwamba wengi huitumia bila kumtaja yeye. Jambo lisilozungumzwa sana ni sababu mojawapo aliyoitoa ya kuondoka Dar es Salaam mwaka 1974, nayo ilikuwa Kiswahili.

Sababu hiyo aliieleza mwaka 1975, katika mazungumzo na wanazuoni wenzake huko Marekani, yaliyochapishwa baada ya kifo chake. Kwa maelezo yake, anayetaka kushiriki kwa ukamilifu siasa za jamii fulani hana budi kuwa na mambo yasiyofundishika darasani: kuunasa utani uliofichwa katika namna neno lilivyotamkwa, na kwenda sokoni akapatana bei kwa desturi ya Waswahili pasipo kutambulika kuwa ni mgeni. Aliona kwamba kufika hapo kungemchukua karibu umri mzima, na umri huo hakuwa nao wa kutumia.

Mtihani huo aliojitungia ni mgumu kuliko unavyosikika. Kupatana bei katika soko kama la Kariakoo si hesabu ya shilingi pekee, kwa maana muuzaji hutaja bei akijua haitalipwa, mnunuzi akaguna, wakaulizana habari za nyumbani, kisha mnunuzi akajifanya anaondoka, akaitwa kabla ya hatua ya tatu, na mara nyingi neno kama "shemeji", lisilo na undugu wowote ndani yake, ndilo linaloshusha bei kuliko hoja. Mgeni aliyeisoma lugha vitabuni huwa hakosei viambishi, yaani vipande vinavyobandikwa kwenye mzizi wa neno, bali hukosea wakati: hucheka mapema mno, au huondoka kwa mwendo wa mtu anayeondoka kweli.

Rodney hakuwa mtu wa kushindwa na lugha. Kwa ajili ya shahada ya uzamivu, aliyoipata London mwaka 1966 akiwa na miaka 24, alijifunza Kireno na Kihispania ili asome nyaraka, yaani kumbukumbu za maandishi zilizohifadhiwa, kuhusu pwani ya Guinea ya Juu. Nyaraka, hata hivyo, hazimcheki msomaji. Wala haieleweki kwa nini alijiwekea kipimo kikali hivyo katika lugha ambayo wengi wa wasemaji wake wana lugha nyingine waliyoanza nayo nyumbani, na ambao lafudhi zao huwaumbua sokoni kila siku bila mtu kuwanyima uraia kwa sababu hiyo. Je, Dar es Salaam iliwahi kumdai mtihani huo, au ni yeye aliyejidai?

Dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1972 haisomeki kama ya mgeni. Baada ya kuwashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioupitia mswada, alikataa kuiongeza ile sentensi ya mazoea ambayo kwayo mwandishi huyabeba makosa yote peke yake, akiihesabu kuwa fikra ya kibwanyenye, yaani ya tabaka la wenye mali, kwa kuwa jukumu katika kazi ya namna hiyo ni la wengi. Hirji, ambaye fani yake ni hisabati na takwimu, alilibeba fungu lake: mwaka 2017 alichapisha kitabu kizima cha kukitetea kile cha mwenzake.

Huko Guyana, alikorejea, uprofesa wa historia alioufuata ulifutwa kwa shinikizo la kisiasa, naye akabaki nchini bila ajira ya chuo, akiandika na kuhutubia mikutano ya hadhara. Hapo utani haukumpa shida. Aliigeuza ngano ya mfalme Midas, ambaye kila alichokigusa kilikuwa dhahabu, akasema kila anachokigusa mtawala Forbes Burnham huwa uchafu, na umati ukaangua kicheko. Tarehe 13 Juni 1980 bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano lilimuua mjini Georgetown, na tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2016 iliihusisha dola na mauaji hayo.

Cheti chake cha kifo, kwenye sehemu ya kujaza kazi ya marehemu, kiliandikwa kwamba hakuwa na kazi. Mwaka 2021 serikali ya Guyana ilitangaza kuwa kitarekebishwa kisomeke: profesa.