Kuku hawasubiri kibali cha muziki

MFUGAJI wa kuku wa nyama ana hesabu moja isiyobadilika: kifaranga anahitaji wiki tano hadi sita kufikia kuuzwa. Anayetaka kuuza kuku kwenye tamasha la muziki litakaloanza tarehe 15, lazima awe ameingiza vifaranga bandani mwanzoni mwa mwezi uliotangulia. Akishawaingiza, hawezi kuwaambia wasubiri.

Kwa hesabu hiyo ndipo mtu anaelewa kilichokuwa hatarini Jinja, Uganda, Septemba 2022. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 kando ya Mto Nile, lilipangwa kufanyika Septemba 15 hadi 18 kwenye maporomoko ya Itanda. (Jina hilo humfanya Mswahili ashike mdomo, lakini waandaaji wanasema limetoka kwenye neno la Kiganda lenye maana ya hamu ya kucheza isiyozuilika.) Septemba 6, zikiwa zimebaki siku tisa, Bunge la Uganda likaagiza lisimamishwe kwa madai ya kuharibu maadili. Haukupita muda, Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akatangaza kwamba litaendelea kwa masharti.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 waziri aliyeshughulikia maadili, Simon Lokodo, alilipiga marufuku, kisha marufuku hiyo ikaondolewa. Mwaka 2020 corona ilifunga kila kitu, na muziki ukaishia kwenye intaneti, ambako hakuna anayenunua mishikaki.

Chukua mfano wa mfugaji mwenye kuku 200 wa wiki ya sita. Kila kuku anakula kama gramu 170 kwa siku, yaani kilo 34 kwa banda zima, karibu nusu ya mfuko wa kilo 70. Kila siku ambayo wakubwa wanabishana, nusu mfuko unakwenda, na kuku hatavuna bei zaidi kwa sababu mnunuzi anataka wa kuchoma, si wa uzito mkubwa. Mkulima wa nyanya yuko pabaya zaidi. Mwenye viazi na mwenye mkaa wanaweza kulala.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu wateja wa muziki huu si wa kawaida. Ni muziki wa kompyuta na ma-DJ, unaopigwa usiku kucha hadi jua linachomoza, siku nne mfululizo. Wageni wanatoka Kampala, Nairobi na hata Ulaya, na wengi hulala kwenye mahema. Mtu aliyecheza tangu saa tatu usiku, saa tisa anatafuta supu ya moto, chapati ya mayai ambayo Waganda huiita rolex, maji, na mahali pa kuchaji simu. Kibanda kinachofungwa saa nne usiku, kama tulivyozoea kwenye minada yetu, kimefungwa kabla biashara haijaanza.

Watanzania nao wana sehemu yao. Lebo ya waandaaji hao, Nyege Nyege Tapes, ndiyo iliyotoa mwaka 2017 mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, na kuupeleka muziki wa singeli hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2018 ikafuata albamu ya Jay Mitta iitwayo "Tatizo Pesa", jina ambalo mfanyabiashara yeyote mdogo angeliweka mlangoni kwake. Singeli ilizaliwa kwenye sherehe za uswahilini, ambako mama lishe na muuza maji walikuwa wanauza kabla mzungu yeyote hajaisikia.

Kuna suala la mvua. Ukanda wa Busoga, iliko Jinja, una misimu miwili, na ule wa pili huanzia Septemba hadi Novemba. Mwaka 2023 tamasha lilihamia Novemba, katikati ya mvua hizo. Gari la mizigo likikwama kwenye tope, bodaboda ndiyo inabeba kreti za soda, na nauli yake huila faida yote. Afadhali mzigo mzito ufike siku mbili kabla. Kwa upande mwingine, Novemba ni wakati ambapo mahindi yaliyopandwa Agosti yanafaa kuchomwa, na hayo mkulima wa jirani anayavuna asubuhi kwa kadiri ya mauzo ya jana. Kibali kikichelewa, yanabaki shambani yakikauka kuwa nafaka. Hilo kuku hawezi.

Jambo la kuogopa ni mkopo. Mkopo wa miezi mitatu uliochukuliwa kwa kutegemea siku nne za mauzo unadaiwa hata kama jukwaa halikusimama. Kodi ya eneo la kibanda nayo hulipwa mapema, kwa hiyo kabla ya kutoa fedha ni vyema kudai maandishi yanayoeleza zitarudishwaje tamasha likiahirishwa.

Mwenye kuku 200 angeanza kwa kuzungumza na hoteli na wachoma nyama wa mjini ili 120 wawe na mnunuzi, tamasha liwepo lisiwepo. Hao 80 waliobaki ndio wa kubahatisha, na waingizwe bandani wiki moja baada ya wenzao.