Je, Wajua? Chenga za Chuma Huozesha Bati

Mwaka 1829, mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hataza ya mabati yenye mikunjo jijini London. Baadaye nyumba za mabati hayo zilizotayarishwa kiwandani zikaanza kuvuka bahari, tayari kuunganishwa.

Kama nyumba yako ya Ziwa, Uasin Gishu, ina mabati ya namna hiyo, chunga hili: fundi akitoboa bati, chenga za chuma hubaki juu yake. Hizo hazina zinki ya kuzikinga. Usiku mmoja wa manyunyu hutosha kuzitia kutu, na kutu hiyo huharibu rangi ya bati. Zifagie siku hiyo hiyo.

Kagua pia raba za skrubu. Zikipasuka kwa jua, maji hupenya hadi kwenye mbao. Zibadilishe kabla mvua za Machi hazijaanza.