Usiku wa Vitenge Barazani

Hapa Bunia hakuna anayelala nje kwa raha. Tunalala nje kwenye kilio, tukikaa na wafiwa chini ya turubai mpaka kunakucha, au tunalala nje kwa kuwa vita imetufukuza. Mwezi wa tano mwaka 2003, mapigano yalipopamba moto mjini, mama yangu alitulaza chini ya turubai karibu na uwanja wa ndege, sisi na maelfu ya watu wengine. Askari wa Umoja wa Ulaya walifika mwezi wa sita. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Ubelgiji aliponieleza kuwa wazazi wa huko hupiga hema uani ili watoto wafurahi, nilicheka sana.

Wenzetu wa Ulaya wana desturi hiyo tangu zamani. Baden-Powell, yule mwanzilishi wa uskauti aliyefia Kenya mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, alipiga kambi na wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi wa nane 1907, na uskauti ukaenea dunia nzima. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, familia nyingi za Ulaya zilihamishia kambi sebuleni. Hiyo ya sebuleni ndiyo iliyonivuta.

Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka minane, kitindamimba mitatu. Uani siwalazi. Usiku wa Bunia una milio yake, na mzazi mwenye akili hutaka ukuta kati ya mtoto na barabara. Turubai nalo sitaki kuliona kwenye mchezo huu. Darasani mwa mkubwa wangu wamo watoto waliokulia kwenye mahema ya Kigonze, kambi ya familia zilizokimbia vita kutoka Djugu. Siwezi kutundika kwa kicheko kile ambacho wao wanakiita nyumba.

Basi tunatumia vitenge. Baraza yetu ina ukuta na mlango wa chuma. Tunafunga kamba kutoka nguzo hadi dirishani, tunarusha vitenge viwili vitatu juu, tunatandika mkeka na godoro. Watoto ndio wanaochagua kitenge gani kiwe mlango, na ugomvi wa hapo unamaliza nusu saa nzima. Wa katikati aliwahi kuniomba kuku wake alale nao. Nilikataa, lakini niliomba radhi kwa kuku.

Chandarua hakina mjadala. Mbu wa malaria hupenda kuuma usiku mkubwa mpaka alfajiri, wakati mtoto amelala fofofo. Mimi hutundika chandarua kwanza, halafu vitenge juu yake, na pindo naliingiza chini ya godoro pande zote.

Jambo jingine ni mbabula, jiko letu la makaa. Tunachoma mahindi na mihogo, chai inachemka, na kibaridi kikianza mtu anatamani kuivuta mbabula karibu na watoto. Asithubutu! Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mahali palipozibwa hewa hiyo huua watu usingizini. Moto wetu unabaki uani, na kabla ya kulala naumwagia maji mpaka unyamaze. Mshumaa pia haukaribii vitenge. Tochi inatosha.

Giza kwetu huingia baada ya saa kumi na mbili jioni, wakati saa za jirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, zinasoma saa moja. Ni bahati kwa wenye watoto wadogo, maana nyota zinatoka kabla hawajaanza kusinzia. Bunia iko kama kilomita 170 tu kaskazini ya ikweta, hivyo tunaona nyota za kusini na za kaskazini. Januari, saa mbili usiku, Kilimia kiko juu, na zile nyota tatu za mstari mmoja zinapanda kutoka mashariki zije kupita karibu na utosi. Bibi yao huzitazama kidogo, kisha anageukia hadithi za Sungura, na hapo hakuna anayetaka tena habari za nyota zangu.

Kitindamimba kwa kawaida hukimbilia kitandani kwangu kabla ya usiku wa manane. Mlango wa kuingilia ndani tunamwachia wazi. Mtoto anayelazimishwa kukaa kwenye hema hachezi tena.

Ukitaka kujaribu, ngoja kiangazi, kati ya Desemba na Februari, mvua zikipungua. Chagua Jumamosi. Na kama kuna mtoto wa jirani aliyefika hapa akikimbia vita, mkaribishe kwanza kwenye mahindi na hadithi. Ya kulala chini ya vitenge, mwulize yeye na mama yake. Akisema anataka kulala ndani ya nyumba, mtandikie ndani.