Wachache Wawazingira Wengi

Je, jeshi dogo laweza kulishinda jeshi kubwa? Ndiyo. Soma habari za mapigano ya Cannae.

Zamani palikuwa na miji miwili yenye nguvu. Mmoja ni Carthage, katika nchi ambayo leo inaitwa Tunisia, Afrika ya Kaskazini. Wa pili ni Roma, katika Italia. Kila mmoja ulitaka kutawala nchi za pwani ya bahari iliyo kati yao.

Jemadari wa Carthage aliitwa Hannibal. Alivuka milima mirefu yenye theluji, akaingia Italia. Mwaka 216 kabla ya kuzaliwa Kristo, Warumi walipeleka askari wapatao 80,000 ili wammalize. Hannibal alikuwa na askari wapatao 50,000. Lakini askari wake wa farasi walikuwa wengi kuliko wa Roma.

Majeshi yalikutana Cannae, karibu na mto. Hannibal alipanga askari wa katikati wajitokeze mbele kama upinde. Kulia na kushoto kwao aliweka askari wa miguu kutoka Afrika. Pembeni kabisa aliweka wapanda farasi.

Warumi walisukuma katikati kwa nguvu. Askari wa Hannibal walirudi nyuma polepole, lakini hawakukimbia. Hannibal mwenyewe alikuwa pamoja nao. Warumi walidhani wanashinda. Wakazidi kuingia, wakabanana.

Hapo askari wa Afrika waligeuka, wakawapiga kutoka pande mbili. Wapanda farasi walikuwa wamewafukuza wenzao wa Roma. Sasa walirudi, wakawapiga Warumi kwa nyuma. Warumi wakawa kama samaki ndani ya wavu. Siku ile moja walikufa makumi ya maelfu.

Je, vita vilikwisha? La. Roma ilikataa kuomba amani. Iliandikisha askari wapya, hata watumwa.

Kijana mmoja Mrumi aliyenusurika Cannae aliitwa Scipio. Baadaye naye akawa jemadari. Mwaka 202 kabla ya Kristo alipigana na Hannibal huko Zama, katika Afrika. Safari hii wapanda farasi wa upande wa Scipio ndio waliorudi, wakalipiga jeshi la Hannibal kwa nyuma. Hannibal akashindwa.

Hannibal alishinda Cannae kwa akili. Lakini aliyeshindwa alijifunza.